Kinu, Kona na Pia: Siri ya Vitu Vinavyozunguka

Ukienda Mosocho, katika vilima vya Kitutu karibu na mji wa Kisii, utakisikia kinu cha kusagia mahindi kabla ya kukiona. Injini ya dizeli inanguruma, ukanda mrefu unakimbia baina ya magurudumu mawili, na mlangoni akina mama wamepanga foleni, kila mmoja na debe lake la mahindi au wimbi. Nje, vijana wa bodaboda wanangoja abiria. Matatu inapita mbio na kukata kona hadi matairi yalie. Pembeni mtoto anachezesha pia mavumbini, hana habari na mtu.

Ndugu msomaji, mambo hayo manne yana ukoo mmoja. Ukanda wa kinu, gurudumu la pikipiki, gari kwenye kona na pia ya mtoto, vyote vinazunguka kitovu fulani. Mwanafunzi wa sekondari huiogopa mada hii katika somo la fizikia na kuiona kama mlima wa alama za Kigiriki. Lakini mwenye kinu, dereva wa matatu na abiria wa bodaboda hufanya mtihani wa mada hiyo kila siku. Na kwao hao, anayeshindwa hapotezi alama. Hupoteza mkono, na wakati mwingine roho.

Ndiyo maana ni vyema sote, wazazi kwa wanafunzi, tuielewe. Wala haihitaji maajabu. Kila uonapo kitu kinazunguka, jiulize swali moja tu: kitovu kiko wapi, na mimi niko umbali gani kutoka hapo? Majibu mengi ya mada hii yamefichwa humo.

MLANGO NA SPANA

Tuanzie nyumbani. Simama mbele ya mlango uliofunguliwa, usukume kwa kidole kimoja ukigusa karibu na kitasa. Utajifunga bila taabu. Sasa rudia, lakini kidole ukiweke karibu na bawaba. Utasukuma hadi kidole kiume. Mlango ni ule ule na wewe ni yule yule. Kilichobadilika ni umbali kutoka kwenye bawaba, ambazo ndizo kitovu cha mlango.

Nguvu ya kusukuma au kuvuta, wanafizikia huiita kani, nao huipima kwa nyutoni. Ukizidisha kani kwa umbali wake kutoka kitovuni unapata uwezo wa kuzungusha, ambao huitwa momenti. Kubeba debe la maji la lita 20 kunadai kani ya nyutoni 200 hivi. Fundi wa magari akikandamiza ncha ya spana ya sentimita 25 kwa kani hiyo, momenti yake ni 200 mara 0.25, yaani 50. Nati ikikataa, fundi hamwiti jirani. Huchukua bomba la chuma, akalichomeka kwenye mkono wa spana mpaka urefu ufike mita moja. Kani ni ile ile ya debe la maji, lakini momenti sasa ni 200. Nati hulegea.

Angalia pia wilbaro ya mjenzi. Gurudumu lake la mbele ndilo kitovu, na mikono iko kama sentimita 120 kutoka hapo. Mzigo wa kilo 60 ukiwekwa sentimita 40 kutoka kwenye gurudumu, mikono yako itainua sawa na kilo 20 tu. Ukiurudisha nyuma hadi sentimita 80, utainua kilo 40. Basi kijana anayejaza mawe upande wa mikono anajiongezea kazi maradufu, na hakuna atakayemlipa zaidi kwa hilo.

ALAMA MBILI KWENYE GURUDUMU

Hatua ya pili ni kupima mzunguko wenyewe. Ipindue baiskeli, isimame juu ya kiti na usukani wake. Tia alama mbili za chaki kwenye gurudumu, moja karibu na ekseli na nyingine kwenye tairi, kisha uzungushe. Alama zote mbili hukamilisha raundi kwa wakati mmoja. Hata hivyo, ile ya kwenye tairi imesafiri njia ndefu zaidi. Kwa hiyo kuna kasi za aina mbili: kasi ya kuzunguka, ambayo ni sawa kwa gurudumu zima, na kasi ya kusafiri, ambayo huongezeka kadiri unavyosogea mbali na kitovu.

Wataalamu hawapimi kasi ya kuzunguka kwa raundi pekee. Wana kipimo kinachoitwa rediani, ambacho huwatisha wanafunzi bila sababu. Chukua uzi ulio sawa na nusu kipenyo cha gurudumu, yaani umbali kutoka ekseli hadi ukingoni. Ulaze uzi huo juu ya ukingo. Pembe uliyoifunika, ukiipima kutoka kitovuni, ndiyo rediani moja, kama nyuzi 57 hivi. Kuumaliza mzingo wote utahitaji nyuzi hizo sita na kipande, yaani 6.28. Hiyo ndiyo maana ya rediani. Uzuri wake ni kwamba hurahisisha hesabu: zidisha rediani kwa sekunde kwa nusu kipenyo, nawe una kasi ya kusafiri kwa mita kwa sekunde.

Tujaribu. Gurudumu la baiskeli lenye nusu kipenyo cha sentimita 35 likisafiri mita 5 kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa, huzunguka kwa rediani 14 na kidogo kila sekunde. Hizo ni raundi mbili na robo hivi. Ukimaliza hesabu hiyo, umekwisha kuingia ndani ya mada.

LESO NA UKANDA WA KINU

Sasa turudi kwenye kinu, maana hapa ndipo hesabu inapogeuka kuwa suala la uhai. Tuseme injini inazunguka raundi 750 kwa dakika na gurudumu lake la ukanda lina kipenyo cha sentimita 40. Gurudumu la upande wa kinu lina sentimita 10 tu. Kwa kuwa ukanda ni mmoja, kila raundi moja ya gurudumu kubwa hulizungusha lile dogo mara nne. Hivyo nyundo za ndani ya kinu huzunguka raundi 3,000 kwa dakika, nazo ndizo zinazoyaponda mahindi kuwa unga.

Ukanda wenyewe unakimbia kwa kasi gani? Mzingo wa gurudumu kubwa ni mita 1.26 hivi, nalo huzunguka mara 12 na nusu kwa sekunde. Zidisha, utapata takriban mita 16 kwa sekunde. Leso ina urefu wa kama mita moja na nusu. Upindo wake ukinaswa na ukanda huo, leso nzima humezwa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hakuna mwanadamu awezaye kuufungua mkono au kuruka nyuma kwa muda huo. Hata kupepesa jicho huchukua muda mrefu zaidi.

Huenda utasema, basi mwenye kinu azime injini haraka. La hasha, hapo nako kuna siri nyingine. Injini nyingi za vinu zina gurudumu zito la chuma lililofanywa makusudi liwe zito ukingoni. Kitu kizito ni kikaidi: kikisimama hakitaki kwenda, kikienda hakitaki kusimama. Ukaidi huo huitwa inesha. Katika mambo ya kuzunguka, ukaidi hautegemei uzito pekee. Hutegemea pia uzito huo uko umbali gani kutoka kitovuni, na umbali wenyewe huzidishwa kwa wenyewe. Kilo moja iliyo mbali mara mbili huwa kaidi mara nne.

Chukua gurudumu ambalo kilo 100 za chuma chake ziko sentimita 30 kutoka kitovuni, likizunguka raundi zile 750 kwa dakika. Nishati iliyomo inatosha kuliinua gunia la mahindi la kilo 90 hadi orofa ya kumi. Nishati hiyo ndiyo inayoifanya injini iende kwa utulivu hata konzi la mahindi linapoingia kwa ghafla. Lakini pia ndiyo inayoufanya ukanda uendelee kukimbia baada ya mafuta kukatwa. Wanaouvuta mkono wa mwenzao hawashindani na injini iliyozimwa, wanashindana na chuma kinachozunguka.

Ndiyo sababu Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 hapa Kenya inataka mashine kama hizo zifunikwe kwa kinga. Wavu wa chuma kuzunguka ukanda si pambo. Mama, ukipeleka mahindi, kaza leso yako, shungi lisining'inie, na mtoto asiingie ndani hata kama ni kuokota punje. Na wewe kijana unayempakia dada yako kwenye bodaboda, mtazame vazi lake kwanza. Mtandio ulioshuka hadi kwenye gurudumu la nyuma hufuata kanuni ile ile ya leso na ukanda.

KONA HAISAMEHE KASI

Tutoke sasa barabarani. Njia za Gusii hupanda na kushuka vilima, na kona ni nyingi. Matatu inapokata kona kwa kasi, abiria wote hulalia upande mmoja, na kila mtu husema kuna nguvu inayowatupa nje. Kwa mtu aliyesimama kando ya barabara, mambo ni kinyume. Kila kitu kiendacho hupenda kuendelea mbele moja kwa moja, na mwili wako haukutaka kupinda. Gari ndilo lililopinda, likauacha mwili wako ukiendelea mbele mpaka mlango au bega la jirani lilipousukuma ndani.

Kusukumwa huko kuelekea ndani huitwa kani ya kitovu. Bila kani hiyo hakuna mzunguko. Fungia jiwe kwenye kamba ulizungushe kichwani, kani ya kitovu ni mvuto wa kamba. Kamba ikikatika, jiwe halirukii nje kama wengi wanavyodhani. Hushika mstari ulionyooka kuelekea kule lilikokuwa likielekea dakika ile. Gari nalo halina kamba. Kamba yake ni msuguano baina ya tairi na lami, basi.

Kuipata kani hiyo, zidisha kasi kwa kasi, uzidishe kwa uzito wa gari kwa kilo, kisha ugawanye kwa nusu kipenyo cha kona. Tuchukue matatu yenye kilo 3,000 pamoja na abiria wake, kwenye kona ambayo nusu kipenyo chake ni mita 50. Kwa kilomita 40 kwa saa inahitaji nyutoni 7,400 hivi. Kwa kilomita 80 kwa saa inahitaji nyutoni 29,600. Kasi imeongezeka mara mbili, kani imeongezeka mara nne. Tena nyutoni 29,600 ni zaidi kidogo ya uzito mzima wa gari lenyewe. Msuguano wa lami kavu na matairi mazuri aghalabu haufikii kiasi hicho. Mvua ikinyesha, au udongo mwekundu ukisombwa hadi barabarani, huwa haba zaidi.

Kanuni za marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, ndizo zilizoleta vidhibiti mwendo na mikanda ya usalama kwenye matatu mwaka 2004, na kikomo cha mwendo kikawa kilomita 80 kwa saa. Wapo madereva wanaodhani kwamba 80 ni halali, basi ni salama popote. Hesabu ya kona inawakatalia. Na gari likibeba ndizi na magunia juu ya paa, hatari ni mara mbili, kwa sababu mzigo ulio juu hupata momenti kubwa ya kulipindua gari, kama lile bomba kwenye spana.

Anayejua kanuni hii bila kuambiwa ni mwanariadha. Naftali Temu, mwana wa Gusii, aliiletea Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu katika Olimpiki, mbio za mita 10,000, kule Mexico mwaka 1968. Alitumia dakika 29 na sekunde 27.4, yaani zaidi kidogo ya mita tano na nusu kwa sekunde. Mkimbiaji wa mwendo huo kwenye uwanja wa kawaida wa leo, ambao kona zake zina nusu kipenyo cha mita 36.5, hulazimika kuinamia ndani kwa kama nyuzi 5 ili ardhi imsukume kuelekea kitovuni. Mizunguko 25 ina kona 50, naye huinama mara 50 bila kushika kalamu.

UMBALI: RAFIKI AU ADUI?

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, hivyo twende polepole. Kwenye kona tumesema nusu kipenyo kikubwa hupunguza kani. Lakini watoto wanapokalia bembea la kuzunguka, yule aliye ukingoni ndiye anayeshikilia kwa nguvu zaidi, na aliye karibu na kitovu amestarehe. Je, fizikia inajipinga?

Hata kidogo. Tazama ni kasi ipi iliyofungwa. Gari lina mwendo wake kwa saa. Ukiushika mwendo huo usibadilike, kona pana ni nafuu kuliko kona kali. Watoto wa bembea wamefungwa na kasi ya kuzunguka, maana wote humaliza raundi pamoja. Aliye mbali zaidi husafiri upesi zaidi, na kani anayohitaji huongezeka. Kabla ya kuandika jibu lako, jiulize kwanza: kilicho sawa ni mwendo au ni raundi? Ukilijibu hilo, umeshinda nusu ya maswali ya mada hii.

PIA, KITI NA NYOTA

Pia ya yule mtoto nayo ina somo. Ikizunguka upesi husimama wima juu ya ncha ndogo, ikichoka huyumba na kuanguka. Kitu kinachozunguka huwa na hazina iitwayo momentamu ya mzunguko, nayo ni ukaidi wake ukizidishwa kwa kasi yake ya kuzunguka. Hazina hiyo haipotei wala haigeuki upande mpaka kitu cha nje kiiguse. Kwa pia, kigusacho ni msuguano wa ardhi na hewa.

Ukitaka kuihisi mwenyewe, tafuta kiti cha ofisi kinachozunguka. Kaa, nyoosha mikono ukishika kitabu kizito kila upande, kisha mwenzio akuzungushe taratibu. Sasa vuta vitabu kifuani. Utazunguka upesi ghafla, na hakuna aliyekusukuma. Umeupunguza ukaidi kwa kuleta uzito karibu na kitovu, na kwa kuwa hazina haikubadilika, kasi imelazimika kupanda.

Jambo hilo lina historia hapa kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano, baharini karibu na Malindi, ikibeba setilaiti ya Kimarekani iliyopewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Miongoni mwa vitu ilivyochunguza ni Centaurus X-3, nyota inayotoa mapigo ya miali kila baada ya sekunde 4.8. Mapigo hayo ni ya nyota nzima inayozunguka. Nyota ya aina hiyo ni kiini cha nyota kubwa kilichojikunja hadi kipenyo cha kilomita 20 hivi, kikazidi kuzunguka upesi kwa kanuni ya vitabu vilivyovutwa kifuani.

Na kwa nini Malindi? Kwa sababu iko karibu na ikweta. Dunia ni bembea kubwa, na ikweta ndiyo ukingo wake ulio mbali zaidi na mhimili. Mtu aliye Mosocho, chini ya nyuzi moja kusini mwa ikweta, huzungushwa na dunia kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa. Aliye London huenda kama kilomita 1,040 tu. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka ikweta hupata msukumo huo wa mita 460 na zaidi kwa sekunde bila kulipia mafuta.

Mbona basi haturuki angani? Gawanya kwa nusu kipenyo, kama tulivyofanya kwenye kona. Nusu kipenyo cha dunia ni kilomita 6,378, kona pana ajabu. Mtu wa kilo 60 anahitaji kani ya nyutoni 2 tu ili aendelee kuzunguka na dunia, ilhali dunia humvuta kwa zaidi ya 580.

KWA MZAZI NA MWANAFUNZI

Mtaala wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliiweka mada ya mwendo wa mviringo katika Kidato cha Nne, na wengi walikuwa wamekwisha kuliacha somo la fizikia kabla ya kuifikia. Katika mtaala wa umilisi, mtoto huamua njia yake anapoingia sekondari ya juu. Akiwa anadhani fizikia ni alama za Kigiriki tupu, ataikimbia mapema zaidi.

Mzazi, usimwambie mwanao kwamba somo hilo ni la vichwa maalumu. Mpe spana, mpe uzi na gurudumu la baiskeli, mwache apime. Mkiwa kwenye matatu, muulize kona iliyo mbele ni pana au ni kali, na dereva anakwenda kilomita ngapi. Akikujibu kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili hatari huongezeka mara nne, amekwisha kufaulu. Nanyi nyote mtakuwa na haki ya kumwambia dereva, kwa heshima lakini kwa sauti: "Kaka, punguza. Hapa kuna kona."